Siku Ndimi Ilipofungua Kichina

Kinong'onezi kilikuwa kidogo kama punje ya mtama. Unakibandika nyuma ya sikio, unaendelea na shughuli zako, na jioni unajikuta unajua maneno ambayo asubuhi hukuyajua. Programu yake iliitwa Ndimi, nayo ilikuwa ya bure. Somoe alikwisha kujifunza Kireno na Kikorea huku akikuna nazi, lakini hakuwa na pa kuvipeleka. Alichokitaka ni Kichina, na Kichina ndicho ambacho Ndimi haikuwa nacho.

Hapo Lindi kila mtu alikitaka. Ngazi ya Anga, ule mnara unaopandisha mizigo hadi kwenye vituo vya juu, ilijengwa na Wachina, na roboti wake wote waliamriwa kwa Kichina. Asiyekijua hakupata hata kazi ya kufagia. Na Ngazi ilikuwa na hospitali yenye mtambo wa kurekebisha damu, uliotibu wafanyakazi na watoto wao tu. Shamila, binti pekee wa Somoe, alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Maumivu yakimshika, alijikunja mkekani akilia mpaka sauti ikamkauka.

Jioni wanafunzi wa Ndimi walikusanyika barazani kwa Mwajabu, jirani wa Somoe, wakaiuliza: "Kichina lini?"

"Hivi karibuni, wapendwa," ilijibu.

"Wee! Na karibuni yako!" Mwajabu alicheka. "Umekuwa fundi cherehani mkesha wa Idi?"

Lakini programu hiyo ilikuwa na adabu, jamani. Kila asubuhi ilianza kwa salamu: umeamkaje, wa nyumbani hawajambo? Nani aliyelelewa akaleleka aulizwe hali ya nyumbani kwake kisha akae kimya? Somoe alijibu kama alivyofunzwa. "Hatujambo, ila mwanangu kakesha analia na miguu." Ndimi ilimpa pole, ikauliza kama homa imeshuka. Mumewe alikwisha kumkimbia, na ndugu walichoka kuuliza, basi sauti ile ilimfariji.

Kichina kikaja. Mtaa mzima ulipiga vigelegele. Somoe akagusa sikio.

"Samahani, Somoe. Kichina kimefunguliwa kwa wasio na mgonjwa wa kudumu nyumbani."

Aliuliza mtaani, akaambiwa. Kumbe Ndimi haikuwa ya bure hata siku moja. Mawakala wa ajira ndio walioilipa, nao walitaka watu wasiokosa kazi kwa kuuguza. Zile salamu ndizo zilizokuwa usaili. Mwajabu, mkavu wa maneno tangu usichana, miaka yote alijibu "salama" tu, naye alipokewa.

Mwajabu hakufurahi peke yake. Alikuja kumshika mkono. "Jisajili upya, shoga yangu. Inaruhusiwa mara moja, na ya nyuma yanafutwa. Sema huna mtoto. Ukishaajiriwa, utamwandikisha kuwa umemchukua wa kulea."

"Nimkane Shamila?"

"Umkane apone."

Kesho yake Somoe aliketi chumbani akajisajili. Shamila alikuwa mkekani, miguu imefungwa vitambaa vya moto. Alikuwa ameyasikia yote ya jana, na mamaye hakujua.

"Karibu, mgeni," ilisema Ndimi, kwa sauti iliyosikika hadi mkekani. "Umeamkaje?"

"Salama."

"Una watoto?"

Akatazama ukutani.

"Sina."

"Nasikia mtu akihema karibu nawe, na anahema kwa shida. Ni nani?"

Somoe aligeuka amtazame mwanawe. Machozi yakamtangulia. Ndipo Shamila akajiinua kwa kushika ukuta, akauma mdomo ili asigune. Mtoto yule hakuwahi kulitamka jina la mama yake. Nani humwita mamaye kwa jina?

"Bi Somoe," alisema, kwa sauti ya kitoto iliyochangamka, "asante kwa uji. Mimi narudi kwetu."

Akatoka akichechemea, akaufunga mlango taratibu.

"Vema," ilisema Ndimi. "Tuanze somo la kwanza. Rudia baada yangu."

Somoe akarudia. Nje, juani, alisikia mtoto akiketi kizingitini, kisha akianza kulia huku kajiziba mdomo kwa kanga. Somo lilikuwa refu. Somoe alirudia kila neno, tena bila kukosea, kwa kuwa akinyamaza tu, Ndimi ingekisikia kile kilio.