Mpira Alioushikilia Cleophus

Wewe msomaji, uligeuza uso. Ukisikia mwanamke alicheza besiboli ya kulipwa, unacheka kidogo, unafungua ukurasa mwingine. Leo hufungui.

Birmingham, 1953. Kituo cha mabasi, upande tuliotengewa sisi Weusi, watu wamebanana. Ozella Tibbs, gauni la njano, glavu kwapani, aligongana na jamaa mwenye mabega kama mlango.

"Hiyo glavu unampelekea kaka yako, mrembo?"

"Na hicho kichwa unambebea nani?"

Jamaa akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Kesho yake uwanjani Ozella akamkuta tena: Cleophus Rainey, mdakaji wa timu ileile iliyomwajiri yeye kulinda kituo cha pili. Juni haijaisha, wanakula samaki wa kukaanga kwenye karatasi moja.

Ikaja mechi ya Memphis. Mkimbiaji akachomoka kuiba kituo cha pili, yaani kukifikia kabla ya mpira, njumu juu kama visu. Ozella kapiga goti, glavu wazi, anasubiri arushiwe mpira amguse nao mkimbiaji, atolewe. Cleophus akainua mkono, kisha akaushikilia mpira, hakurusha; mkimbiaji akafika salama. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Hata mdakaji wetu hakuamini, dada," kocha akamwambia. "Jumamosi nakujaribu mara ya mwisho. Ukishindwa, rudi kwenu."

Jioni Cleophus akapiga simu nyumba ya wageni alikofikia Ozella.

"Zella mpenzi, niliogopa watakuumiza."

"Yule angenichana mguu tu, Cleo. Wewe umenichania kazi! Nirushie kama unavyowarushia wanaume, au usinipigie tena."

Akakata.

Jumamosi mkimbiaji mwingine akachomoka kuiba kituo cha pili. Cleophus akarusha kwa nguvu zake zote. Paa! Mpira ukalia glavuni, njumu zikampasua Ozella paja, mwamuzi akainua ngumi: mkimbiaji nje!

"Hiyo ndiyo posa yako?" Ozella alimuuliza, akifungwa bendeji.

"Ndiyo. Umeidaka?"

"Nimeidaka, mjinga wee."

Walioana Oktoba. Mwaka uliofuata timu ikafa: Wazungu walikuwa wamezoa nyota wetu kwenye timu zao, mwanamke hawakumtaka hata mmoja. Baadaye ukuta wa uwanja ukaandikwa majina ya wachezaji, la Cleophus likiwemo. La Ozella halipo. Cleophus alilidai mpaka anakufa. Ozella yu hai, anachechemea, bado anapita pale akiusoma ukuta.

Cleophus aliushikilia mpira mara moja, akajuta maisha yake yote. Wewe umeushikilia miaka yote hii. Inuka sasa hivi, nenda kwenye ule uwanja, dai jina la Ozella Tibbs liandikwe angali na macho ya kulisoma.

Rusha!