Na Mrembo Unaondoka Naye

Kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea, na hapakuwa na mtu aliyekikalia.

Dalali akakipiga kofi. Kikajaa, kisha kikabonyea tena taratibu, kama mtu mnene aliyesumbuliwa akarudi kukaa.

"Springi," dalali akasema. Kwake yeye kila aibu ilikuwa na jina la kifundi.

Gari lilikuwa la zamani, la paa la kukunja, bodi yake imegongwa kwa nyundo bati baada ya bati na mafundi ambao sasa ni mifupa. Lingine kama hilo ungelitafuta mpaka ukazeeka, na wengine tumeshazeeka bila kutafuta. Ila chini ya boneti hamkuwa na kitu. Injini iliozea humo, ikatolewa vipande. Dalali hakusema halina injini, alisema limetulia.

Desturi yake ilikuwa kukifanyia kiti kitupu mazoezi ya maneno ya kunasia wateja. Asubuhi ile alimkalisha mkewe kiti cha abiria, kitambaa cha hariri kichwani, akaufungulia upepo mlango wa dereva, kana kwamba ndio mteja.

"Karibu, bosi. Jisikie uko kwako. Ukilichukua, na huyu mrembo unaondoka naye."

Mlango ukajifunga.

"Baba watoto," mke akanong'ona, "nani kasema 'nimekubali'?"

Harufu ya udongo mbichi ikapanda. Mke akajaribu kushuka, asiweze. Kitu kizito kilimlalia mapajani, mfano wa mkono.

Mganga aliyeitwa, bibi mfupi wa miwani, alimtazama dalali kama mtu anayekagua alichokikanyaga.

"Umemuuzia jini mkeo, baba. Jini hununua kwa neno. Vunja biashara."

"Nivunjeje, mama?"

"Taja ubaya wa mali yako. Wote."

Dalali akaligeukia gari. Ulimi wake haukuijua njia hiyo.

"Sakafu imeoza," akasema, na kiti kikajaa kidogo. "Paa linavuja. Rangi nimepaka juu ya kutu."

Mke akatoa mguu mmoja nje.

"Limebaki moja," mganga akanong'ona. "Sema."

Ndipo mteja akaingia getini, mteja mwenye viatu vya kung'aa aliyesubiriwa mwaka mzima, akalizunguka gari kinywa wazi, akauliza injini ikoje, na dalali akamtazama mkewe aliyekuwa akimsihi kwa macho, akamtazama mteja, akaisikia harufu ya udongo ikimjaa puani, akaliona neno la kweli limekaa mdomoni tayari, jepesi, la kutemwa tu, na akalimeza.

"Injini, bosi? Kama imetoka kiwandani jana."

Ikanguruma.

Mguu ukavutwa ndani. Gari likateleza mpaka getini, likashika barabara, hariri ikipepea, sauti ya mke ikiita "baba watoto, baba watoto," hadi kona ikaimeza.

"Mlio safi," mteja akasema. "Lakini mbona sijaona dereva?"

Mganga akamgeukia dalali, akangoja.

Dalali akalamba midomo.

"Otomatiki," akasema.