Daktari wa Kijerumani Alikuwa Mcheza Filamu

Nina miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Tandika, Dar es Salaam. Miaka minane niliishi Guangzhou, China, na mume wangu Idrisa, tukinunua vifaa vya shule kwenye maduka ya jumla ya mtaa wa Yide Lu na kuvisafirisha nyumbani. Ndugu wasomaji, ninayoyaandika hapa yananitia kinyaa... Kinyaa cha nafsi yangu mwenyewe!

Jirani yetu alikuwa Mzee Otto, Mjerumani wa miaka themanini na ushee, aliyehamia kwa binti yake aliyeolewa na Mchina. Alianza kucheza filamu kwao akiwa kijana, miaka ile nchi yake ilipokuwa inajijenga upya baada ya vita. Hakuwahi kuwa staringi hata mara moja. Alikuwa mlinzi wa jela, mhudumu wa hoteli, ofisa katili anayepigwa risasi kabla filamu haijafika nusu. Watu waliijua sura yake, jina hawakulijua.

Alinisimulia hayo kila nilipompelekea maandazi, kwa Kiingereza chetu cha kuombea maji.

"Mwanangu, laiti wangeniita tena, hata mara moja tu," aliniambia siku moja.

Nilimpa Idrisa habari hiyo kama kichekesho. Hakucheka. Alikuwa na shehena ya majani makavu aliyotaka kuyauza nyumbani kama dawa ya presha.

"Mwambie kuna filamu," alisema. "Acheze daktari. Nyumbani nani anamjua?"

Je, nilikataa? Sikukataa!

Mzee Otto alinyoa ndevu, akavaa koti jeupe, akakariri maneno yake wiki nzima. Alicheza vizuri mno... Aliposema mgonjwa aachane na vidonge anywe majani haya, hata mimi niliyekuwa nikimrekodi nilitaka kumwamini. Idrisa akaweka tafsiri ya Kiswahili, akairusha video hiyo kwenye makundi ya WhatsApp ya nyumbani.

Haikupita miezi miwili, binamu yangu Zuhura akapiga simu akilia.

"Dada, mama kaanguka! Upande wote wa kushoto haufanyi kazi."

Mama yake ni shangazi Mwajuma, aliyenilea mimi. Vidonge vya hospitali alikuwa ameviacha.

"Tulimkataza, dada! Akasema, nyie mnajua kuliko daktari wa Ujerumani?"

Nilikata simu, nikamfuata mume wangu.

Nikamsihi Idrisa aifute ile video. Akajibu kwamba shangazi ni mtu mzima, alichagua mwenyewe. Ati alichagua! Aliyasema hayo huku anatafuna chapati. Nikautazama mdomo ule, nikajua sitalala naye tena.

Nilikwenda kwa Mzee Otto, nikamweleza ukweli wote.

"Nimecheza wauaji maisha yangu yote," alisema, "na kila niliyemuua aliinuka, akajipangusa vumbi, tukaenda kula pamoja. Shangazi yako naye atainuka?"

Akanifungia mlango.

Nilipanda ndege uwanja wa Baiyun, nikarudi Dar peke yangu. Sasa ninamuuguza shangazi, ninamlisha uji kwa kijiko. Juzi, kwa mdomo wake uliopinda, aliniuliza kama yule daktari bado yuko China, nimwombee nafasi akamwone... Nikageukia ukuta. Sijamwambia. Ukiacha Mzee Otto, ninyi ndio wa kwanza kuambiwa!

Video ile bado inazunguka. Ikifika kwenye simu ya mama yako, tafadhali mwambie kwamba mzee yule si daktari, na asiache vidonge vyake. Na wewe unayeombwa usaidie uongo mdogo wa biashara, kataa siku hiyo hiyo. Mimi nilisema ni mchezo tu.