Leseni Inayohesabu

Mlango haukuvunjwa. Kufuli lilikuwa zima na madirisha yamefungwa, ila juu ya meza ya Iteka palibaki mraba safi katikati ya vumbi, na waya mmoja unaning'inia. Kompyuta ya majaribio haikuwepo. Ripoti ilikuwa ndani yake.

Inspekta Mukarugwiza alipiga magoti, akapaka unga wa alama za vidole kwenye kitasa. Kilikuwa kimepanguswa. Akainuka, goti likalia.

"Ripoti ya nini?"

Winifred, mkurugenzi wa kampuni hiyo ya Kimisagara, Kigali, inayohifadhi nyaraka za viwanja, alitazama saa yake. "Ya leseni, afande. Programu yetu ya nyaraka ina API, yaani mlango ambao mifumo ya wateja hupitia kuomba hati. Mlango huo una leseni yake. Ile ya zamani tunalipia seva, unaomba upendavyo, hakuna anayehesabu. Mpya unalipia kila ombi. Iteka amezilinganisha mwezi mzima, maombi yote yakipitia kompyuta hiyo. Bodi inachagua leo Jumatatu, saa nane mchana."

"Ripoti isipokuwepo?"

"Tunabaki na ya zamani."

Iteka alikaa pembeni, pingu mikononi. Askari wa kwanza kufika walimfunga kwa sababu daftari la getini lilimtaja yeye: Ijumaa, saa kumi na moja jioni, ametoka wa mwisho, amebeba begi.

"Begi lilikuwa na nini?"

"Sare za kwaya, afande. Mimi Msabato. Jumamosi nilikuwa kanisani tangu asubuhi."

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Bosi wangu."

Bosi mwenyewe alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Bayingana, mkuu wa mifumo, shati jeupe, viatu vinang'aa. Akacheka.

"Nimwibie binti kompyuta niliyompa mwenyewe? Afande, wauzaji wa ile leseni ya zamani wamempa kitu kidogo aivuruge kazi. Mpelekeni tumalize."

Mukarugwiza hakulipenda neno hilo. Katika miaka yake ishirini ya upelelezi, aliyeharakisha kumaliza mara nyingi alikuwa na la kuficha.

"Kumaliza ni kazi yangu," alisema. "Wewe kunywa chai."

"Mpigieni muuzaji wa leseni mpya," Iteka alisema ghafla. "Kwa leseni ya kila ombi, anayehesabu si sisi. Ni yeye. Hesabu iko kwake Nairobi, haimo kwenye kompyuta."

Kikombe cha Bayingana kiliishia njiani, hakikufika mdomoni. Inspekta alikiona.

Muuzaji alisikika kwa kipaza sauti cha simu. "Ombi la mwisho ni Jumamosi, saa tatu na dakika kumi asubuhi kwa saa za Kigali. Limetoka kwenye kompyuta hiyohiyo, kwa mtandao wa ofisi yenu."

"Mwezi mzima maombi yalikuwa mangapi?"

"Elfu moja na mia mbili."

"Wateja wetu waliomba mia tatu tu," Iteka alisema. "Niliandika kwenye ripoti. Mia tisa hayana mwenyewe, na yote ni ya viwanja vya Ndera."

Basi Jumamosi asubuhi kompyuta ilikuwa bado mezani. Inspekta alimpigia kiongozi wa kwaya. Saa tatu na dakika kumi Iteka alikuwa akiimba mbele ya watu mia nne. Mukarugwiza akamfungua pingu mwenyewe, kisha akashuka getini.

Mlinzi Ilyasi alisimama wima.

"Jumamosi, watu walipokuwa kwenye umuganda, ile kazi ya jamii, nani aliingia?"

"Daftari linasema hakuna, afande."

"Sijaliuliza daftari. Nimekuuliza wewe."

Ilyasi akakuna shingo. "Mabosi hatuwaandiki. Ukimpa bosi kalamu aandike jina, anaona umemshuku. Kesho huna kazi."

"Bosi gani?"

"Mzee Bayingana. Aliingia saa moja, kabla watu hawajaanza umuganda. Akatoka saa tano na nusu na katoni. Nilimfungulia geti, nikampigia na saluti."

Juu, Bayingana alikuwa amekaa. Chai ilikuwa imepoa.

"Jumamosi asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kwenye umuganda, kwetu Busanza. Kazi ya jamii siikosi."

"Mlinzi amekuona hapa."

"Amechanganya siku. Ilyasi huyo!"

"Mlifanya kazi gani?"

"Tulichimba mitaro ya maji. Mgongo unauma mpaka leo."

Mukarugwiza alimpigia Munyaneza, mkuu wa mtaa wa Busanza, akaweka kipaza sauti. "Jumamosi mlichimba mitaro?"

"Hapana, afande. Tangazo la Ijumaa kwenye kundi la simu lilisema mitaro. Lakini mvua ilinyesha alfajiri, udongo ukawa tope. Tukaenda kuipaka rangi nyumba ya bibi Nyiransabimana. Aliyekuja anajua. Nguo zote ziliharibika."

Bayingana aliangalia viatu vyake.

"Ulisoma tangazo," Inspekta alisema. "Kazi hukuiona. Kompyuta iko wapi?"

"Chini ya kitanda changu."

"Na hati za Ndera?"

"Kwa shemeji. Ni dalali wa viwanja." Sauti ilishuka. "Alinilea Kampala, akanisomesha. Aliomba jina la mjane mmoja anayeishi peke yake kwenye kiwanja kikubwa. Ningemkataliaje? Kisha la pili. Anawafikia wajane hao kabla watoto wao hawajajua, wanauza kwa bei ya kutupa. Seva haikuhesabu, nikasema hakuna atakayejua. Jumamosi nilichukua hati za mwisho, nikabeba na mashine. Nilidhani hesabu imo ndani yake."

"Na huyu?" Inspekta alimwonyesha Iteka kwa kidole. "Angeozea gerezani?"

Winifred alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Bodi inakaa saa nane," alisema mwishowe. "Iteka, ripoti haijarudi. Niwaambie tuchukue ipi?"

Iteka alikuwa bado anasugua vifundo vya mikono. "Ile inayohesabu."

Getini, Ilyasi alimwona Bayingana akija katikati ya askari wawili. Mkono ukapanda kwa mazoea, nusu saluti, ukashuka. Akamtazama Inspekta.

"Mwandike," alisema Mukarugwiza.

Ilyasi alifungua daftari, akalamba ncha ya kidole, akatafuta mstari mtupu.

"Jina kamili, mzee?"