Mitego ya Skarven

Jua la Januari katika Bahari ya Bering huzama mapema, kama kibarua mvivu. Lilikuwa linaaga Torgeir alipopewa nyundo ya mbao na kutumwa mbele kuvunja barafu. Kazi ya kawaida. Kila wimbi lililoipiga meli liliganda kwenye reli, kwenye kamba, kwenye mitego ya chuma iliyopangwa sitahani, na barafu ikizidi uzito meli hupinduka watu wake wamelala. Ndivyo ilivyopinduka Skarven msimu uliopita. Hakurudi mtu. Asbjorn, kaka yake Torgeir, alikuwa humo.

Kwa hiyo Torgeir aligonga kwa hasira. Vidole vyake vilikuwa vimevimba hata kukunjika havikunjiki, usingizi alishausahau, na matangi ya kaa chini ya miguu yake yalikuwa karibu matupu. Watu wa mijini huwala kaa hao kwa siagi na kusifu utamu wao. Hakuna anayeuliza waliletwa na nani.

"Boya mbele," kipaza sauti kilikoroma.

Ilikuwa sauti ya nahodha, Haldor, kijana aliyerithi meli kwa baba yake na kuingia chumba cha usukani bila kulowa hata soksi.

Agafon, mvuvi mwenzake Torgeir, mzaliwa wa visiwa vya bahari ile, alirusha ndoana, akalivuta boya mpaka relini. Kisha akaliachia kama limemuunguza.

Boya la njano. Mkanda mweusi katikati.

"La Skarven," alinong'ona, akafanya ishara ya msalaba.

Wavuvi wa huko wana desturi moja ambayo hata walevi wao hawaivunji. Ukikuta mtego wa meli iliyozama, unauvuta, unawaachia kaa wote waende zao, unauacha mlango wake wazi, unalikata boya na kulipeleka kwa jamaa wa marehemu. Mtego ukiwa umefungwa una mwenyewe, husema, na mwenyewe hana ruhusa ya kupumzika. Torgeir alikuwa ameingoja siku hiyo mwaka mzima. Kaka yake hakuwa na kaburi. Alichotaka ni kuufungua mlango huo kwa mkono wake, Asbjorn apumzike, basi.

Akalinasa boya tena, na winchi ya kuvutia kamba ikalia. Kamba ikapanda, ikipanda na matone yaliyoganda kabla ya kuanguka. Mtego ukatokeza.

Ulikuwa umejaa.

Kaa wakubwa wekundu, miguu imetokeza kwenye nyavu pande zote. Agafon aliwatazama bila furaha.

"Mtego uliokaa chini mwaka mzima, kaa wake hulana mpaka yanabaki magamba matupu," alisema. "Hawa wamenona, ndugu yangu."

Torgeir aliinama kwenye kopo la chambo lililoning'inia ndani ya mtego. Mlikuwa na samaki waliokatwakatwa, na damu yao ilikuwa bado nyekundu. Na ile harufu... Shamari. Asbjorn alikuwa akipaka chambo chake mafuta ya shamari, ile mbegu ya kiungo, akidai kaa ana pua kuliko mbwa. Watu walimcheka mpaka walipoona matangi yake.

Torgeir akaligusa fundo la mlango. Winchi ilikuwa imemkata Asbjorn kidole cha shahada miaka mingi nyuma, na tangu hapo alifunga mafundo yake kinyumenyume, kwa mkono wa kushoto. Hili lilikuwa la kinyumenyume. Uzi ulikuwa mpya.

"Agafon," alisema kwa sauti iliyokauka. "Bado anafanya kazi."

Agafon alifanya ishara ya msalaba tena.

"Mnasali au mnavua?" kipaza sauti kiliuliza. "Mimina hao tangini. Weka chambo, rudisha chini."

Torgeir aliinua uso kuelekea dirisha la juu. "Kapteni, huu ni wa Skarven. Unaachwa wazi."

"Kaa hana uraia, mzee wangu. Kufa kufaana. Hapo chini kuna mstari mzima wa mitego iliyojaa, na msimu unafungwa. Asiyetaka kazi ashuke."

Ashuke wapi, katikati ya Bering? Haldor aliuchekea mzaha wake mwenyewe, na kipaza sauti kikakisambaza kicheko chake meli nzima.

Mtu aliyetii kwa miaka mingi, mkono wake hutii kabla moyo haujaulizwa. Torgeir alimimina kaa tangini. Aliweka chambo, akafunga mlango, akausukuma mtego kwenye meza ya chuma inayoinuka na kuutupa baharini. Akasimama penye mtambo wa meza hiyo, mkono juu ya kitufe, akingoja amri.

"Achia," Haldor alisema.

Akabonyeza. Mtego ukazama na kamba ikaukimbilia. Alikuwa amemrudisha kaka yake kazini. Alijichukia, na alikuwa na haki ya kujichukia.

Mtego wa pili ulijaa vilevile. Damu mbichi, fundo la kinyumenyume, shamari. Boya la tatu lilipotokea, Agafon aliitupa ndoana sakafuni.

"Mla cha mwenziwe na chake huliwa," alisema. "Mimi sishiki tena."

Upepo ulikuwa umepanda. Mawimbi yalianza kuruka reli, na giza lilikuwa limeshika. Haldor alimkabidhi fundi wa mashine usukani, akashuka mwenyewe kwa matusi, amevaa koti safi la mpira lisilo hata na gamba moja la samaki.

"Wazee wazima mnaogopa uzi," alisema. "Tazameni."

Aliuvuta mtego huo, akaumimina, akajaza chambo vipande vinene kama vya kulisha mbwa. Fundo lake lilikuwa la kuchekesha, la mtu anayefunga gunia kwa haraka. Wakati mwingine Torgeir angemtania. Haldor akausukuma mtego mezani, akarudi nyuma hatua moja ili ajivunie kazi yake.

Hatua ile ilimweka katikati ya kamba ya mtego, iliyokunjwa sitahani.

Torgeir aliona. Alifungua kinywa amwonye. Mkono wake ulikuwa kwenye kitufe, kama kawaida.

Upepo ukakatika... ghafla, kama mlango umefungwa. Sitaha nzima ikanukia shamari.

"Achia."

Sauti ilitoka karibu kabisa na sikio lake. Sauti tulivu, yenye mikwaruzo ya tumbaku, iliyomwita mezani kula tangu utotoni.

Mkono ukatii.

Haldor hakuwahi hata kupiga kelele. Kamba ilimchota mguu, ikamgonga relini, na pale alipokuwa amesimama pakabaki maji.

Waliivuta ile kamba mara moja, winchi ikiunguruma kama inakasirika. Kilichopanda ni buti moja, limenaswa kitanzini. Mtego ulikuwa mtupu. Fundi wa mashine aliomba msaada redioni, akaizungusha meli, akaizungusha tena, taa zote zikimulika mawimbi. Katika maji yale mtu humalizika kabla hajamaliza kujuta.

Agafon alimsogelea Torgeir.

"Nani aliita?" alinong'ona.

"Kwani hukusikia?"

"Nilisikia. Ndiyo maana nauliza."

Taa ikalinasa boya jingine la njano. Torgeir alilivuta bila kuambiwa na mtu. Mtego ulipopanda, walisimama wote wawili wakiutazama. Kaa walikuwa wachache, wadogo. Chambo kilikuwa kimekatwa vipande vinene, ovyo. Hakikunukia kitu ila samaki.

Na fundo la mlango lilikuwa la mtu anayefunga gunia.

"Hii si kazi ya kaka yako," Agafon alisema.

Torgeir alilia. Alilia kwa furaha, wala hakujificha, na machozi yakaganda kwenye ndevu zake. Asbjorn alikuwa amepokewa zamu. Alikuwa amelala hatimaye, popote pale wanapolala.

Agafon akamnyooshea kisu. "Basi fungua. Kata boya. Huyu naye ana mama yake."

Torgeir alikishika kisu. Akautazama mlango, akaifikiria ile kauli ya asiyetaka kazi ashuke, na kile kicheko kilichozunguka meli nzima. Mwaka mzima Asbjorn alikuwa chini kule akikata samaki gizani, na Haldor angemwacha huko mpaka kiama.

Akakirudisha kisu. Akajaza kopo chambo, akaubana mlango, akafunga fundo lake mwenyewe, zuri, la kudumu.

"Torgeir," Agafon alisema polepole. "Hilo fundo sasa ni lako. Siku yako ikifika humu, wewe utafunguliwa na nani?"

Torgeir aliusukuma mtego mezani, akaweka mkono kwenye kitufe, akasikiliza. Upepo tu. Hakuna aliyemwita safari hii.

Akabonyeza.