Nipe Kiti

Sharifa alimwita bintiye aje anywe uji, na kutoka chumbani binti akaitika, "Naam."

Huku Mlalo mtoto wa kike anaitika abee, naam ni ya wanaume, hata akiwa amenuna, hata akiwa kidato cha pili na anajiona msomi. Sharifa alimkaripia kama ambavyo mama yeyote angefanya. Shamsa akatoka amejifunga kanga, macho mekundu, akasema yeye hakuitika kitu, ndiyo kwanza anaamka. Basi Sharifa akasema ni homa hiyo, akamsogezea kikombe.

Ingekuwa homa tungeshukuru. Chumba cha mtoto kikaanza kunukia udi, na ile ni nyumba ya wakulima wa kabichi, udi hawajawahi kununua hata siku ya harusi. Shamsa akilala mchana, miguu ilikuwa ikipiga chini ya blanketi, ikikanyaga na kuburuta, mwendo uleule wa ngoma waliyokuwa wakifundishwa shuleni, na huku juu mwenyewe amelala fofofo. Zahanati walimpima malaria, hakuna. Taifodi, hakuna. Wakampa panadol wakamwambia apumzike.

Kupumzika kungekuwa rahisi kama ngoma yenyewe isingekuwa ya lazima. Alhamisi mgeni rasmi alikuwa anakuja kufungua maabara, na mkuu wa shule alishatangaza kuwa kidato cha pili wote watacheza, na asiyefika asikanyage shule mpaka mtihani wa taifa upite. Asiyefanya mtihani huo anarudia darasa. Na Twaha, baba yake Shamsa, alishasema kwamba binti wa kurudia darasa kwake anaolewa. Hakuwa anatishia tu. Mwenye duka la mbolea alikuwa ameshatuma watu wa kuuliza, na Twaha aliwakaribisha chai.

Sharifa akampigia simu Mzee Faraji, mganga wa Mtae. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, akasema hawezi kufika kabla ya Jumamosi. Aliposikia habari ya miguu akashusha sauti.

"Mwanangu, hilo jini limemfanya mtoto kiti, mwili wa kukalia," akasema. "Ila ni kiti kidogo, halijatulia. Asisikie ngoma mpaka nifike. Akisikia, litapanda, na likipanda litaomba kiti kingine. Mtu yeyote asilipatie."

"Na akitokea mtu akalipatia?"

"Kwenye kiti lilichojikalia nitaliondoa. Kwenye kiti lilichopewa kwa mdomo wa mwenyewe, siliwezi."

Asisikie ngoma! Nyumba ya Twaha iko chini kidogo ya uwanja wa shule, ukikohoa huko juu, huku chini wanakupa pole. Sharifa akafikiria kumpeleka mtoto kwa mama yake mdogo huko Mgwashi, Twaha akakataa katakata. Akasema habari za majini ni visingizio vya watoto wavivu na mama wanaowadekeza, Shamsa atapanda shuleni Alhamisi, asipopanda yeye anajua la kufanya. Sharifa alijibu, wakajibizana mpaka jirani akafunga dirisha. Mwenzangu, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini wazazi ni wawili na mmoja alikuwa na sauti kubwa.

Mwalimu Ulimboka, mwalimu wa ngoma, Mnyakyusa mpole aliyehamishiwa huku, alipita kumjulia hali mgonjwa. Alipomwona alishtuka. Akasema mtoto asicheze, asimame tu mstarini aonekane, akizidiwa akakae na mama yake, yeye ataandika amefika. Sharifa akapima. Akibaki nyumbani, ngoma ataisikia vilevile, tena watakuwa wawili tu na kile kitu ndani ya kuta nne, na darasa litakuwa limekwenda. Huko juu angalau kuna watu. Akakubali, na mimi simlaumu, maana hata mimi sijui ningefanyaje.

Alhamisi ukungu ulishuka mapema. Wazazi walikaa kwenye viti vya plastiki, wamejikunyata, na Sharifa akakaa pembeni ili amwone mwanawe vizuri. Alikuwa akijisomea kimoyomoyo kila aya aliyoijua. Alijiambia kwamba likija atalijua, litakuja na sauti nene, litatukana, litaomba damu au marashi kama alivyosikia kwa wengine, na yeye atafunga mdomo wake hata wamwone mwendawazimu.

Ngoma ikaanza. Harufu ya udi ikamfikia Sharifa kabla hajaona lolote, ikapita katikati ya watu waliokuwa wakipiga makofi na wala hakuna aliyegeuka, na huko mstarini Shamsa, aliyeambiwa asicheze, akaanza kucheza, akacheza vizuri kuliko wote, kichwa kimeinama upande mmoja, nyayo zikipiga udongo kwa nguvu ambayo mtoto aliyeshinda wiki nzima bila kula hakuwa nayo, mpaka mgeni rasmi mwenyewe akanyoosha kidole na kucheka kwa furaha, mpaka wapigaji wakaanza kumfuata yeye badala ya yeye kuwafuata wao, na Sharifa akataka kuinuka akashindwa, akataka kupiga kelele akaona aibu ya watu.

Kisha Shamsa akatoka mstarini. Alikuja taratibu, anayumba, jasho linamtiririka shingoni, midomo imekauka. Akasimama mbele ya mama yake, akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile ndogo ya utotoni, ya kuomba kubebwa:

"Mama, nimechoka. Nipe kiti."

Mama gani angekaa? Sharifa alishainuka kabla hajawaza.

"Chukua changu, mwanangu. Kaa."

Shamsa hakukaa. Alipepesa macho kama mtu aliyetoka usingizini, akatazama watu, akatazama nguo zake. Rangi ilikuwa imemrudia. Akasema, "Mama, nina njaa," na kiti cha plastiki kikabaki kitupu kati yao.

Ndipo Sharifa akakumbuka maneno ya Mzee Faraji. Kitu kilikuwa kinajiweka sawa ndani yake, bila haraka, kama mgeni aliyekaribishwa anavyojisogeza mpaka mgongo uegemee. Alitaka kumwambia mwanawe akimbie, aende kwa mwalimu, aende popote, asirudi kwenye nyumba ile. Akausikia mdomo wake ukisema kwa upole, "Nishike mkono, mwanangu, twende nyumbani."

Shamsa akamshika.