Mke Aliyetangulia

"Dada, umesahau kitu ndani?"

Eunike alikuwa hata hajafika kwenye dirisha la tiketi. Parsimei, mlinzi wa lango la Ziwa Duluti, alimtazama kwa bashasha, kama mtu anayempokea mgeni aliyemzoea.

"Nisahau nini wakati ndiyo kwanza nafika?"

"Si uliingia asubuhi? Umepanda mtumbwi ukazunguka ziwa lote. Ulituchekesha kweli." Bashasha ikaanza kumtoka. "Au una pacha?"

Romanus, mumewe, akacheka. Eunike hakuona cha kuchekesha. Viatu vilikuwa vimelowa, baridi ilimkaba kifua, na safari yenyewe hakuitaka tangu mwanzo. Ni Romanus aliyeng'ang'ania watoke Singida waje kupunga hewa ya mlimani, akiamini baridi ya Arusha ingewarudisha walivyokuwa kabla ya kumzika binti yao. Tangu mazishi, jina la mtoto halikutajwa tena nyumbani kwao. Jana, siku yao ya kwanza, Romanus alimpandisha hadi kwenye maporomoko ya maji yaliyo juu ya kijiji walikofikia, na wakagombana njia nzima. Leo ziwa. Na hata ziwa lenyewe, mtu keshamtangulia.

Kesho yake wakaenda kutembelea shamba la kahawa la bibi mmoja wa Kimeru, Mama Magdalena, ambaye huwaonyesha wageni namna ya kukaanga na kutwanga kahawa kwenye kinu. Eunike alimwamkia shikamoo. Bibi akaitikia marahaba, kisha akashangaa.

"Umerudi, mwanangu? Kahawa yako si hiyo hapo, hata haijapoa."

Juu ya kigoda palikuwa na kikombe kilichonywewa nusu. Ukingo wake ulilowa, na hakikunukia kahawa. Kilitoa harufu ya jiwe lililotolewa sasa hivi chini ya mto, ya ukoga na ubaridi.

"Mama, mimi sijawahi kufika hapa."

"Ulitwanga ukiimba. Mpaka majirani wakaja kukusikiliza." Mama Magdalena alimkazia macho, halafu akakichukua kile kikombe kwa ncha za vidole na kukimwaga nje ya uzio. Wakati wa kuagana alimnong'oneza, "Ukiona mengine, uje. Uje peke yako."

Njiani Eunike alipandwa na hasira hadi akatokwa machozi. "Nimechoka! Kila ninapokwenda naambiwa nimeshafika, nimeshakula, nimeshafurahi!"

"Basi na wewe furahi kidogo," Romanus akasema. "Watu wote wanamsifia huyo mwanamke."

"Huyo mwanamke ni nani, Romanus?"

Romanus akaongeza mwendo.

Siku iliyofuata ilikuwa ya soko la vinyago na shanga la mjini. Eunike alimwacha mumewe kwenye meza ya Simaloi, dada wa Kimaasai aliyekuwa akiuza bangili, akakimbia mara moja kutafuta sweta. Aliporudi, Romanus hayupo.

"Si mmeondoka wote?" Simaloi akauliza. Mara akashusha sauti, akajivutia shuka mabegani. "Wewe ulikuwa umemshika mkono. Nywele zako zilikuwa zinatiririka maji, na mvua hakuna."

Eunike akapiga simu. Romanus alipokea akiwa anahema kwa furaha. "Halo?" Na nyuma ya sauti yake, karibu kabisa na simu, Eunike akamsikia mwanamke anacheka. Alikijua kile kicheko. Kilikuwa chake mwenyewe, cha miaka ya nyuma, ambacho hata yeye alikuwa amekisahau. Simu ikakatika.

Hakumfuata mumewe. Hakujua pa kumfuata. Alichukua bodaboda moja kwa moja hadi kwa Mama Magdalena, akamkuta na Meshack, mwinjilisti wa usharika wao, kama waliokuwa wakimsubiri.

"Harufu ya kikombe kile ni ya maporomoko yetu," bibi akasema polepole. "Ulipofika kule ulisema nini?"

Eunike alikuwa amekwisha kusahau. Akakumbuka sasa. Alikuwa ameteleza kwenye jiwe, Romanus anamwambia afurahi, naye akapiga kelele kuelekea kwenye maporomoko: angetokea mtu mwenye hamu na matembezi haya, amshikie zamu, yeye apumzike.

Meshack akainamisha kichwa. Bibi akaguna.

"Nyie mnaita jini. Sisi hatulipi jina, na kule hatupigi kelele. Ulitoa nafasi yako, likaichukua. Linajua kila neno mlilosema tangu mlipoingia mlimani kwetu, ndiyo maana linawatangulia. Likimaliza matembezi litataka kurudi kwake, na halitarudi peke yake."

Wakateremka wote watatu hadi kwenye nyumba ya wageni alikofikia Eunike. Mwenye nyumba, Aikaeli, alikuwa akianika mashuka, akayadondosha alipomwona Eunike anaingia getini.

"Si mmetoka hapa sasa hivi, wewe na baba? Umesema mnarudi maporomokoni kuagana na maji."

Wakapanda mbio, bibi naye hakubaki nyuma, wakipita migomba, wakipita mibuni, mpaka njia ikawa utelezi mtupu katikati ya kuta mbili za mwamba, na jua la mchana likafifia kama taa inayoishiwa mafuta, na ile harufu ya ukoga ikawajaa puani, na kila Eunike alipoita jina la mumewe sauti ile ile ikaita pamoja naye kutoka mbele, kwa upole zaidi, kwa mapenzi zaidi, hadi akaogopa kuita.

Romanus alikuwa amesimama ndani ya dimbwi, maji kifuani. Aliyemshika mkono alikuwa amewapa kisogo. Eunike alikijua kile kisogo.

"Romanus! Toka kwenye maji!"

Mumewe akageuka, akamtazama kama anavyotazamwa mpita njia. "Wewe nani?"

Yule mwingine naye akageuka. Ulikuwa uso wa Eunike, lakini uliolala vizuri, usio na kovu lolote la msiba. "Mwambie aende," akasema. "Anatuchosha."

Meshack akaanza kuomba kwa sauti. Mama Magdalena akainua jani la isale, lile wanaloombea radhi watu wa mlimani, akayapungia maji huku akisema maneno ya Kimeru. Maji yakazidi kupanda, yakafika shingoni mwa Romanus.

"Sema ambalo hamjalisema hapa!" bibi akamkemea Eunike. "Ambalo halijalisikia!"

Eunike akamtazama mumewe machoni.

"Petronila," akasema. "Mtoto wetu aliitwa Petronila. Alikuwa na mwanya kama wako."

Yule mwingine akajaribu kulirudia jina. Midomo ilicheza, yakatoka maji, maji tu, meusi na ya baridi, na uso ukalegea kama nguo iliyolowa, ukazama. Romanus akapiga ukelele aliokuwa ameubana tangu makaburini. Meshack akajitosa majini, akamkamata ukosi na kumvuta nje.

Asubuhi walipanda basi la Singida. Milima ikabaki nyuma, joto likaanza kuingia madirishani.

"Nilijua," Romanus akasema.

"Ulijua nini?"

"Tangu sokoni. Mkono wake ulikuwa wa baridi kama jiwe. Nilijua si wewe."

Eunike akamgeukia. "Na ukamfuata?"

Romanus aliitazama mikono yake mwenyewe.

"Alikuwa anacheka, Eunike."